Msonobari wa Kando ya Birika

Kuna seremala Mji Mkongwe ambaye akipasua mbao za msonobari, harufu ya utomvu wake hujaa kichochoro kizima. Kila nikipita hapo husimama. Watu hunipisha wakidhani nimepoteza kitu, kumbe mimi nipo Chukwani, mtoto wa darasa la pili, natazama mti ukichimbuliwa.

Nyumba yetu ya Chukwani ilikuwa ya urithi, na warithi walikubaliana iuzwe. Tulikuwa tunahamia Fuoni: mimi, mama, na bibi mzaa mama. Uani kulikuwa na misonobari mitatu, na bibi alisema haondoki bila ya mmoja. Basi akaitwa Ami Sele, ndugu yake baba, aliyekuwa akitunza bustani hotelini Kendwa. Akaja na koleo, magunia na kirikuu cha kuazima, kile kigari kidogo cha mizigo.

Ami aliizunguka miti ile kama mtu anayechagua mbuzi wa Idi. Akaupenda ule mdogo, ulionyooka, wenye majani mazito pande zote. Bibi akaonesha wa kando ya birika, mrefu kumpita Ami mwenyewe, na umepinda.

“Nnautaka huo.”

“Mama, huo nshautazama. Mizizi yake imeshakwenda mbali. Utatufia.”

“Kitovu cha mjukuu wangu kimezikwa hapo chini,” bibi akasema. “Nchukulieni na udongo wake.”

Ami akaokota koleo. Kwetu hakuna anayefanya mzaha na kitovu cha mtu. Asubuhi nzima alichimba mbali na shina, akalifunga bonge zima la udongo kwa magunia na kamba, kisha majirani wakasaidia kulipandisha garini polepole. Mimi nilifuata nyuma, mkono tumboni.

Shida ilianza Fuoni. Haukupita muda, upande mmoja wa mti ukageuka rangi ya kutu. Hakuna aliyeniambia lolote, lakini nilijijazia mwenyewe: kitovu changu kimo mle, mti ukifa nami nakufa. Nilikosa hamu hata ya urojo. Nikienda chuoni kusoma Kurani naumwagia maji, nikirudi naumwagia tena, mpaka siku moja Ami alipokuja kuutazama akanishika mkono.

“Utauzamisha, mwanangu. Mti huu haupukutishi majani, kwa hiyo kiu yake haina likizo. Lakini na kupumua nako unataka.”

Akaujengea kivuli cha makuti, akatandaza majani makavu shinani, akaniruhusu kumwagilia jioni tu. Nilitii kwa roho juu.

Masika yalipoanza, nikaona kwenye ncha za matawi vichipukizi vya kijani kibichi, laini, vinanuka utomvu. Nilivigusa kwa shavu. Nililia, kisha nikaingia ndani nikala wali mpaka mama akaniuliza kama naumwa. Sijawahi tena kulala usingizi mzuri kama wa usiku ule.

Mwaka jana nilijifungua binti. Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kitovu cha mtoto kilipodondoka nilimwambia mama nataka kukizika chini ya msonobari, pamoja na changu. Mama akacheka hata akajifuta machozi kwa kanga.

“Chako kipo Mangapwani. Nilikuzalia kule. Siku ile ya kuchimbua mti nilitazama ukutani nisije nikacheka mbele ya ami yako.”

“Sasa bibi alisema vile kwa nini?”

“Mti ule aliupanda babu yako, maradhi yameshamuanza. Angewaambiaje watu wambebee mti kwa sababu ya mume?”

Nilishusha pumzi, nikacheka na mimi, nikijionea huruma kwa hofu yote ile ya bure. Kisha nikamhurumia bibi. Aliona haya kusema kuwa bado anampenda marehemu, akaazima kitovu changu.

Jioni nilichukua jembe, nikakizika cha binti yangu shinani pale. Basi sasa kimo kitovu, na bibi hakusema uongo.