Jivu kwenye Nyumba ya Sisimizi

Harufu ya samadi mbichi iliyochanganywa na jivu hunirudisha kwenye chupa ile. Niliinusa tena mwaka huu kijijini kwetu Daudi, shangazi zangu walipokuwa wakipaka kuta za nyumba ya zamani, siku moja kabla hatujamzika mama.

Nilikuwa darasa la tatu. Wilaya yetu ilikuwa bado ndani ya mkoa wa Arusha, kabla haujagawanywa, na maduka ya Mbulu mjini yalikuwa yameanza kujaa vitu. Baba alileta jamu kwenye chupa pana ya kioo. Ilipoisha niliiomba, nikaenda kuchimba chini ya jiwe moja shambani, nikapata sisimizi pamoja na mama yao, mnene kama punje ya ngano. Niliwatilia udongo, makombo ya ugali na tone la asali. Kaka yangu Safari akaniuliza nitaanza kuwakamua lini.

Walichimba njia nikiziona kwenye kioo, na vyumba vidogo vya kulaza mayai. Nikatamani nyumba yao iwe nzuri zaidi. Nyumba nzuri niliyoijua ilikuwa ya mama, ambaye kila wiki aliipaka samadi na jivu mpaka ikawa laini. Basi nami nikawapakia, juu ya udongo na kuzunguka kioo chote, kwa kidole.

Jioni niliwakuta wamerundikana chini ya kifuniko, wamebeba mayai meupe midomoni. Wengine walikuwa wamekufa. Nilimpelekea mama chupa nikilia.

“Umewapaka jivu?” aliuliza. “Si ndilo ninalowafukuzia jikoni, wewe?”

Hakunicheka. Alichota udongo wenye unyevu chini ya jiwe lile lile, akauweka kwenye chungu kilichovunjika, akailaza chupa mdomo wake ukielekea huko. Nilitaka kuwakung'uta watoke upesi. Akanishika mkono.

“Acha. Waonyeshe mlango tu. Watahama wenyewe.”

Tulichuchumaa. Mmoja alitoka, akaupapasa udongo, akarudi kuwagusa wenzake. Kisha wakaja kwa mstari, kila mmoja na yai lake, hakuna aliyemsukuma mwenzake. Jikoni maziwa yalifurika, na mama, ambaye hakuwahi kuacha maziwa yamwagike, hakuinuka.

“Tazama,” alinong'ona. “Mama yao yuko katikati.”

Nilisahau kulia. Sijaona tena kitu kikubwa kama kile.

Siku ile nilidhani nimejifunza habari ya jivu tu. Miaka miwili iliyopita nilimtoa mama kule kijijini Daudi, nikamleta kwangu Babati, kwenye chumba nilichomjengea: sakafu ya saruji, kuta za rangi, dirisha la vioo. Kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyovijua. Kila asubuhi nilimkuta ameketi mlangoni, ameukumbatia mfuko wake wa nguo.

Nilidhani anaota jua. Sikumuuliza.