Kadi Nilizowashia Mbabula

Naanza na upumbavu wangu mwenyewe, usije ukasema nimejipamba: nilibeba katoni nzima ya kadi za zamani za kompyuta ya kampuni, nikawashia mbabula, jiko letu la makaa, tukapikia bukari, ugali wetu wa nyumbani. Mafundi walikuwa wameweka mfumo mpya, wakasema kila kitu kimo ndani yake. Mimi, karani mpya wa mashine, mtu wa kupenda nyumbani na chai yangu, niliona zile kadi zenye matundu zinashika moto kuliko gazeti. Hata jirani yangu Mama Kabedi nilimgawia. Yaliyofuata yalinipata kweli, niliyaona kwa macho haya.

Jumamosi mashine ikakataa kutoa orodha ya posho ya unga. Programu ya orodha huita programu ndogo tatu: ya tarehe, ya familia, ya uzito wa unga. Mfumo mpya haukuzijua hata moja. Zilikuwa wapi? Katika matundu ya kadi za katoni ile! Na bila orodha ghala halifunguliwi. Jumatatu akina mama wa kambi nzima ya wafanyakazi wangekuja na mifuko mitupu. Mke wangu angekuwa mbele, na mdomo wake naujua.

Mchana wenzangu walikwenda kula. Nje mvua ilikuwa inapiga. Mlango niliufunga kwa ufunguo, niamini. Mara nikasikia nyuma yangu:

"Mutoto, unatafuta nini mu ile mashini?"

Mzee mwenye bluzi ya kazi ya kijivu, mkavu kabisa licha ya mvua, kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakipo. Nilikuwa mgeni kazini. Nikadhani ni mstaafu.

"Programu zimepotea, papa."

"Hazikupotea. Ni weye uliziunguza." Akaweka katoni mbele yangu. "Anza na ya tarehe. Zingine mbili zinaiegemea. Ukianza na unga, yote itaanguka."

Nikalisha mashine kadi. Pembe za kadi zilikuwa nyeusi, zinanuka makaa ya mbabula. Mashine ikazisoma zote. Orodha ilipoanza kuchapwa niligeuka nishukuru: hakuna mtu, mlango bado umefungwa, sakafuni hakuna hata tone la maji.

Posho ilitoka. Ila tangu siku ile situpi kitu. Mke wangu anapita kwa ubavu kati ya makatoni. Nawe, usichome cha zamani kabla kipya hakijafanya kazi.

Nilimweleza Mama Kabedi habari ya yule mzee, na kidole chake. Akaacha kupepea mbabula.

"Ule mwenye kutoboa zile kadi tulimuzika kule Kapolowe mwaka ilipita, bwana yangu alibeba sanduku. Na weye unaogopa mufu? Miye naogopa weye, mwenye kupikia bukari na kazi ya watu."