Mashimo Niliyoyasafisha kwa Wembe

Nilirudi Rangwe kutoka chuo kikuu, mwaka wa pili baada ya uhuru, nikiwa na digrii, kamera kuukuu ya kukunja, na kipaji cha kuwaza jambo dogo mpaka likanikosesha usingizi. Kazi niliyoahidiwa ilikuwa bado "inashughulikiwa". Kwa hiyo mwalimu mkuu wa shule ya msingi alipokuja kuniomba picha moja tu, nilikuwa na nafasi ya kutosha kuiharibu.

Shida yake ilikuwa paa la darasa la saba. Wazazi walikuwa wamelijenga kwa mabati ya ghala la pamba lililobomolewa. Kila bati lilikuja na matundu yake ya misumari ya zamani, likapigiliwa misumari mipya mahali papya, na matundu ya zamani yakazibwa kwa lami. Jua la Rangwe halina heshima kwa lami. Ilikuwa imeyeyuka, ikadondokea madaftari, ikaacha matundu wazi. Mvua ikinyesha, watoto walisoma wakiwa wamejibanza kwenye pembe mbili zilizobaki kavu.

Wazazi walikuwa wameandika barua mara mbili kwa afisa wa majengo kule Homa Bay. Mara zote mbili alijibu, bila kuja kuangalia, kwamba kwa maoni yake paa lilikuwa la kuridhisha, na kwamba wasiporidhika wao, darasa la saba lingeweza kuhamishiwa Ndhiwa. Huko watoto wetu wangefika kwa miguu, labda wakati wa kurudi nyumbani. Sasa alikuwa amelegeza kidogo: walete ushahidi wa picha, kabla ya mvua za masika, naye ataona la kufanya.

Nilikwenda adhuhuri, darasa likiwa tupu. Ndani kulikuwa na giza, na kamera yangu haikupenda giza. Niliiweka juu ya dawati ikitazama paa, nikapiga hesabu ya mwanga, nikairudia, nikaitilia shaka, nikaamua kuacha lenzi wazi sekunde arobaini. Zote arobaini niliikodolea macho saa ya mkononi; paa lenyewe sikuliangalia. Niliogopa kupumua. Filimu ilikuwa na nafasi moja tu iliyobaki, na nyingine ilibidi iagizwe Kisumu.

Lazima nieleze jambo kuhusu chumba nilichopanga. Kilikuwa kando ya barabara ya vumbi, na filimu niliianika humo kwenye kamba. Kila lori lilipopita, vumbi liliingia na kutua kwenye filimu mbichi, na kila chembe ikawa kidoa cheupe pichani. Kwa miezi mitatu vita vyangu na dunia vilikuwa hivyo vidoa. Bibi harusi mmoja nilimpa picha akaniuliza kama siku ile alikuwa na surua.

Basi nilipoisafisha filimu ya darasa nikaona, pale kwenye paa, vidoa zaidi ya vyote nilivyowahi kuona, sikushangaa hata kidogo. Nilikasirika. Nilichukua wembe mpya na kioo cha kukuza, nikakwangua kimoja kimoja kwenye negativu, ile filimu yenyewe, siku nzima, kwa uangalifu ambao sijawahi kuutumia kwa jambo lolote la maana. Jioni nikatoa picha. Paa lilikuwa jeusi, laini, safi kama sufuria mpya. Nilijivunia.

Mwalimu mkuu aliitazama kwa muda mrefu. Akaigeuza, akatazama mgongo wake, akaigeuza tena.

"Jasomo," alisema. Ndivyo alivyoniita, msomi, na siku nyingine lilikuwa jina la sifa. "Mashimo iko wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za vumbi. Nilifika katikati ya sentensi, nikasikia ninachosema.

Alinipa pole kwa heshima, kama mtu aliyekuja matangani. Halafu akaniuliza kama mashimo yanaweza kurudishwa. Nikasema negativu imeharibika kabisa, lakini kwenye karatasi yenyewe ncha ya sindano ingekwangua weusi na kuacha nukta nyeupe. Ila huo, nikamwambia, ungekuwa uongo. Au ungekuwa ukweli ulioandikwa kwa mkono? Na kama nikiweka tundu mahali ambapo halikuwapo? Nilikuwa na mengi zaidi ya kusema.

"Weka tu," alisema. "Wewe ukikosea mahali, mvua haitakosea."

Niliweka. Kesho yake tukaenda Homa Bay.

Afisa alikuwa mtu nadhifu, na kwa bahati yangu ya kawaida, mpenzi wa kupiga picha. Juu ya meza yake palikuwa na kamera ambayo ningeuza ng'ombe wa baba kuipata. Aliinamisha picha yetu kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole juu yake polepole.

"Kijana, hii ni sindano."

Mwalimu mkuu akatazama dari. Ilikuwa dari nzuri, haina tundu hata moja.

"Ni sindano, mzee," nikasema. "Lakini mashimo ni ya kweli. Niliyafuta mwenyewe nikidhani ni vumbi."

Nilimsimulia yote: lori, kamba, wembe, surua. Hakucheka, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema miaka yote ya kazi ameletewa uongo wa kila aina, lakini mtu aliyeghushi ukweli wake mwenyewe hajamwona. Kesho atakuja kuona kwa macho. Akikuta sindano imedanganya, darasa linakwenda Ndhiwa.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na mawingu mazito. Nilijua kabisa kwamba yangekuwapo. Alifika saa nne, akaketi kwenye dawati la mbele, picha mkononi, na paa juu yetu likawa jeusi, laini, safi, kama nilivyolitengeneza. Mwalimu mkuu akamsimulia habari za mahindi. Kisha za mifugo. Alikuwa ameanza habari za ukoo wake pale wingu lilipojisogeza.

Nukta za jua zilidondoka darasani kote. Zilitua ubaoni, kwenye madawati, kwenye shati jeupe la afisa. Alihama dawati, zikamwangukia nyingine. Akainua picha, akaanza kulinganisha.

"Hili lipo. Hili halipo. Hapa umesahau matatu. Na hapa, kijana, ni kama hukuwahi kuingia humu ndani."

Mabati mapya yalikuja wiki mbili kabla ya mvua, na darasa la saba likabaki Rangwe. Mwalimu mkuu alinionyesha nakala ya barua iliyoyaidhinisha. Afisa alikuwa ameandika kwamba matundu ni mengi kuliko yaliyo kwenye picha, na kwamba mpigaji wa picha hiyo asitumiwe tena na shule yoyote ya serikali.

Kazi yangu iliyokuwa inashughulikiwa ilikuwa ya ualimu.