Mama Bomba na Boliti Sita

Bandarini hakuna asiyemjua Mama Bomba. Huu mwaka wa ishirini na mbili kazi yake ni moja: meli ikishafunga gatini, yeye ndiye anayeunga bomba la kupokelea mafuta machafu ya injini, yasije yakaishia baharini. Mikono yake inanuka grisi hata siku ya mapumziko. Sabuni ilishasalimu amri zamani.

Basi wizara ikaandaa kanuni mpya za kulinda bahari, zifuate mkataba wa kimataifa. Mama Bomba akapewa rasimu Jumatatu aitolee maoni kikaoni Jumatano. Ijumaa waziri atie sahihi. Akaisoma jikoni, kidole kikifuata mstari, mpaka penye mchoro wa flanji, ile sahani nene ya chuma inayoshikanisha bomba la bandari na la meli. Akahesabu matundu ya boliti. Manne. Akahesabu tena.

"Wifi, hawa wamekosea," akamwambia dada wa mumewe. "Manne ni ya maji ya vyooni. Ya mafuta ni sita, dunia nzima."

"We nawe! Wasomi wote hao wakosee, upatie wewe na spana yako? Kanywe soda yao, urudi."

"Nikinyamaza, bandari itanunua mabomba yasiyoshika kwenye meli hata moja. Nahodha ataniambia, 'Mama, nilitaka kukupa, bomba lako ndilo limekataa.' Akifika huko nje, anamwaga. Na udhuru tumempa sisi."

Wifi akaenda kumtafutia mfuko mgumu.

Jumatano, mwanasheria wa wizara, bwana mpole mwenye miwani, akamsikiliza hadi mwisho. "Lakini mama, mchoro huu umetoka kwenye mkataba wenyewe."

"Umetoka, baba, sikatai. Ila umetoka chumba cha jirani."

Akaingiza mkono mfukoni, akaitua mezani flanji ya bomba lake la mafuta. Chupa za soda zikaruka. Mwanasheria akahesabu matundu kwa ncha ya kalamu, akafungua mkataba, akapekua viambatisho, mbele, nyuma, mbele tena. Akavua miwani.

"Nilinakili flanji ya majitaka," akasema.

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Msimcheke," Mama Bomba akawakatiza. "Mwaka wangu wa kwanza nilishindana na hiyohiyo ya majitaka nusu saa nzima, kwenye bomba la mafuta, nahodha ananitazama. Mwenzenu kakosea kwenye karatasi tu."

Mwenyekiti akaagiza mchoro ubadilishwe kabla rasimu haijaenda kwa waziri. Mwanasheria akaomba abaki na flanji mpaka Ijumaa, vipimo visimponyoke tena.

"Hapana, baba. Ichore sasa hivi. Saa tisa nina meli."

Basi mwanasheria akalaza karatasi nyeupe, akaweka chuma juu yake, akazungusha penseli tundu kwa tundu, mpaka la sita, grisi ikimpanda mkono wa shati. Mama Bomba alikuwa amesimama pembeni, mfuko wazi, anasubiri chuma chake.