Nilipowatoa Nje

Katika mafunzo yote ya mradi wetu wa afya ya wanawake waliojifungua, jambo moja tu nililikubali bila kubishana: mzazi ahojiwe faragha. Mengine niliyapinga hadi wenzangu wakachoka. Nani alithibitisha kwamba mwanamke aliyefunzwa wiki mbili anaweza kumtuliza mwenzake kwa kukaa naye tu? Lakini faragha sikuihoji. Nimesoma Mzumbe, faragha nilifundishwa kuwa ni haki.

Nikapelekwa kijiji kimoja cha juu, Uluguru, mahali ambapo bodaboda inashindwa na unamalizia kwa miguu kati ya matuta ya kabichi. Mwenyeji wangu alikuwa mama wa makamo ambaye mradi ulimwita doula. Kijijini walimwita yule mama anayekaa na wazazi. Alichelewa kila siku, aliongea njia nzima, na daftari lake la ziara lilikuwa tupu. Nilishaanza kumwandikia ripoti mbaya.

Alikuwa akimtembelea binti mmoja aliyejifungua mtoto wa kwanza wiki tatu nyuma, akarudi kulelewa kwa mama yake. Binti hakuwa akilala wala kula, na mtoto akilia alitazama ukuta. Alikula siku zile tu yule mama alipokuja kumkanda kwa maji ya moto. Siku nyingine uji uliganda bakulini. Ilibidi aonwe na daktari wa afya ya akili mjini Morogoro, na njia ya kufika huko ilikuwa fomu yangu ya maswali: alama zikiwa juu, mzazi anapewa rufaa.

Tulimkuta mama wa binti, ndiye bibi wa mtoto, na majirani wawili ndani, wakimenya njegere. Shikamoo zangu zikaitikiwa, kisha nikawaomba watupishe. Walitoka na beseni lao. Yule mama alinitazama kidogo, naye akatoka. Kwa nusu saa binti alijibu "hapana" na "salama tu". Alama zake zikawa sifuri.

Siku ya pili tulizuiwa mlangoni. Bibi hakufoka, alisema mgonjwa amelala. Tukiwa njiani kurudi yule mama akanieleza: huku, mtu wa afya akiwatoa watu nje abaki na mmoja, maana yake ni virusi vya Ukimwi. Majirani walishahukumu kabla njegere hazijaiva. Mume wa binti, anayeuza mboga Mwembesongo kule mjini, alipigiwa simu, akasema hapandi mlima mpaka aonyeshwe cheti cha kipimo.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza yule mama, nikijua nimempandishia sauti mtu wa umri wa mama yangu.

"Ulisema ni sheria, mwanangu. Nikadhani wasomi mmeshalifikiria hilo."

Sikujua kama ananikejeli. Nadhani alikuwa ananikejeli.

Siku nne yule mama hakuruhusiwa kuingia, na siku hizo nne, tuliambiwa, binti alikunywa chai tu. Siku ya tano tulikwenda tukaketi uani. Nikamwomba bibi radhi, nikasema nitauliza maswali yale yale mbele yao wote, wasikie wenyewe kama kuna la virusi. Akawaita wale majirani wawili, kisha akamtoa binti ndani.

Nikasoma swali la kulia. Kabla binti hajafungua mdomo, jirani mmoja akadakia: yeye alilia miezi mizima kwa mtoto wake wa pili, mumewe akidhani amerogwa.

"Wewe hata kabichi ikioza unalia," mwenzake akamtania.

Nilitaka kuwanyamazisha, fomu ilikuwa ya mtu mmoja. Wakaendelea hivyo, kila swali na kisa chake. Tulipofika swali la sita binti akasema, macho chini:

"Nikimshika naona kama wa mtu mwingine. Namngoja mwenyewe aje amchukue."

Hakuna aliyecheka. Mama yake alimuuliza tangu lini. Tangu siku ile ile ya kujifungua, akajibu. Hapo bibi akamwambia yule mama ainuke akachemshe maji ya kumkanda.

Safari hii alama zilikuwa juu kabisa. Nilituma fomu nikiwa na furaha ya kijinga. Ofisi ikairudisha: kwenye kisanduku cha faragha nimejibu hapana, hivyo mahojiano hayatambuliki, nirudie. Nilimpigia simu msimamizi wangu, nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa upole, akasema ananielewa ila mfumo haupokei. Nikamuuliza mfumo huo ulitungwa na nani. Akasema tusifike huko.

Nikabadilisha jibu, nikaandika ndiyo. Ikapokelewa papo hapo.

Binti alionwa na daktari wiki iliyofuata, mama yake akiwa ameketi naye. Sasa anakula, na anambeba mtoto, ingawa si kila siku. Mume alipanda mlima baadaye sana, na cheti bado alikiulizia. Na kwenye kompyuta ya mradi, fomu ya binti ni ushahidi mmoja zaidi kwamba mzazi akihojiwa faragha, hufunguka.