Hamdam Ajifunza Kulaza Watu

Kila asubuhi, kabla chai haijamiminwa, Hamdam huketi kwenye kitanda cha mbao pale uani, akapakata tikiti la manjano na kulifunika kwa bakuli la chai, kama barakoa ya kumpulizia mgonjwa hewa. Kidole gumba na cha shahada hulikaza bakuli, vile vitatu vinavyobaki huteremka kulinyanyua tikiti taya, ingawa tikiti halina taya. Mkono wa pili huminya chupa tupu ya shampuu, pss, pss, huku yeye akihesabu pumzi kimyakimya.

"Mgonjwa ameamkaje?" dada yake Zulhumor aliuliza, akipita na ufagio.

"Anaendelea vizuri."

"Na yule wa jana ulisema hivyohivyo, mchana tukamla."

Bibi yao alikuwa anapepeta mchele kando. "Mwache mwenzio," alisema. "Matikiti yote aliyoyalaza, hakuna hata moja lililolalamika."

Hamdam akacheka kuliko wao. Alikuwa na tabia ya kujicheka kabla hajachekwa. Aliona hivyo haiumi sana. Na sababu za kuchekwa alikuwa nazo tele. Alikuwa mwaka wa tano wa udaktari, na kila idara aliyopita aliacha hadithi. Kwenye upasuaji aliambiwa ashikilie kidonda kikae wazi, akazimia, akamwangukia muuguzi, muuguzi akaangukia sinia la vyuma. Kwenye wodi ya wazazi, mama mwenye uchungu aliwaambia wakunga wamhudumie kwanza yule kijana, yeye atasubiri.

Basi akaiwekea tamaa yake yote nusukaputi. Kule, alijiambia, mgonjwa analala, pazia linatundikwa katikati, damu inabaki upande wa pili, na daktari amekaa kwenye kiti. Kama kuna udaktari ulioshonwa kwa kipimo chake, ni huo. Isitoshe, mkuu wa chuo alikwishamwambia, bila kumkunjia uso, kwamba idara hii nayo ikimkataa, atafute kazi nyingine duniani.

Kwa hiyo alijiandaa kama anayekwenda kuoa. Majina ya dawa aliyaimba kwa mahadhi ya nyimbo za harusi. Maswali ya kumuuliza mgonjwa kabla ya kulazwa aliwauliza watu wote wa nyumbani, asubuhi na jioni.

"Bibi, umekula lini mara ya mwisho?"

"Mtu hajanipa chakula, halafu ananiuliza nimekula lini," bibi alisema. "Huko chuoni ndiko mnakofundishwa hivyo?"

Swali hilo ndilo aliloliheshimu kuliko yote. Mtu akilazwa na chakula tumboni, chakula kinaweza kupanda, kikaingia mapafuni, na asiamke. Ukurasa wenye maneno hayo Hamdam aliujua hadi doa la chai lililokuwa pembeni.

Juu ya mlango wa jikoni ulining'inia mkate wa kaka yao Sobir, umekauka kama kigae, una pengo la meno upande mmoja. Sobir aliuuma asubuhi aliyoondoka kwenda Urusi kwenye kazi za ujenzi, na ungekaa pale mpaka arudi aumalize. Hapo mjini kwao Kokand hakuna mtu anayeachwa aondoke kwa safari bila kuuma mkate. Asipouma, riziki yake itamvutaje nyumbani? Hamdam alipita chini ya mkate ule kila siku na hakuuona tena, kama mtu asivyoiona pua yake.

Siku ya kwanza idarani alipokewa na Daktari Mavluda, mwanamke mfupi mwenye miwani juu ya paji la uso na sauti ambayo haikuwahi kuhitaji kupanda.

"Wewe ndiye uliyemwangukia muuguzi?"

"Ndiye mimi, daktari."

"Hapa wauguzi wangu ni wembamba, hawatakudaka. Nenda kwa mzee wa ngiri, muulize ya kumuuliza, kisha umlete."

Mzee wa ngiri aliitwa Babu Ergash, mkulima wa pamba, ana masharubu meupe na kofia ambayo hakutaka kuvua. Hamdam alisimama wima, akaanza.

"Babu, umekula chochote tangu jana usiku?"

"Sijala."

"Umekunywa?"

"Mwanangu, umetumwa kuniuliza au kunitamanisha?"

Majibu yote yalikuwa kama ya kitabuni. Hamdam alikisukuma kile kitanda cha magurudumu moyo mweupe, hata gurudumu lililokuwa likilia akaliona linaimba. Walipokaribia mlango wa chumba cha upasuaji, binti wa mzee, Saodat, alikuja mbio huku kitambaa cha kichwa kikimteleza, kifuani amekumbatia kitu.

"Ngoja, kaka. Ngoja kwanza. Baba hajauma."

Hamdam alisimamisha kitanda. Angefanya nini kingine? Saodat akafunua mkate, bado wa moto, umenyunyiziwa ufuta, lakini ikabidi mkono mmoja ukidake kitambaa cha kichwa. Basi Hamdam, kijana aliyelelewa vizuri, akaupokea, akaushika kwa mikono miwili na kumpelekea mzee mdomoni.

"Bismillahi, babu. Nenda salama, urudi salama."

Babu Ergash aliuma. Hakuuma kama watu wanaouma kutimiza desturi tu. Aliuma kama mtu aliyelala njaa, akatafuna, akameza, akautazama tena mkate.

"Tonge moja linatosha, babu," Hamdam alisema, maana ndivyo ilivyo. Akaufunga uliobaki, akamrudishia Saodat, na kusukuma kitanda ndani. Alijiona ameanza kazi vizuri.

"Amekula?" aliuliza Daktari Mavluda, bomba la sindano mkononi.

"Hajala, daktari."

Neno lilitoka laini, kwa kuwa alilifanyia mazoezi. Akasimama nyuma ya kichwa cha mzee, akaweka vidole vitatu kwenye taya. Hili lilikuwa taya kweli. Ndipo alipoona, kwenye masharubu meupe, punje moja ya ufuta.

Kwanza alitaka kuifuta, kama unavyomfuta mzee wako. Kidole kikafika, kikasita. Ule ukurasa ukaja wote, pamoja na doa lake la chai.

Hakuna aliyeona. Saodat asingesema, kwake ule haukuwa mlo. Ni tonge moja, Hamdam alijiambia. Tonge dogo. Halikuwa dogo. Akisema, ndiyo kwaheri ya udaktari. Akinyamaza, pengine mzee ataamka vizuri tu. Pengine.

"Mwanangu," Babu Ergash alisema akimtazama toka chini, "mikono yako ya baridi."

"Daktari, usimlaze," Hamdam alisema. "Amekula mkate."

"Lini?"

"Sasa hivi. Hapo mlangoni."

"Kapewa na nani?"

"Na mimi."

Daktari Mavluda aliteremsha miwani machoni ili amwone vizuri. "Yaani umemuuliza kama amekula, halafu ukamlisha."

"Ndiyo, daktari. Kwa mpangilio huo."

"Sijala mimi," mzee alilalamika. "Nimeuma tu."

"Umemeza, babu?"

"Ulitaka niuteme? Mkate?"

Upasuaji ukasogezwa hadi jioni. Daktari Mavluda alimtoa Hamdam hadi kwenye ujia. "Mikate kama hiyo nimewanyang'anya wengi," alisema. "Uliolishwa na mwanafunzi wangu mwenyewe, leo ndiyo mara ya kwanza. Lakini umesema. Kesho njoo saa moja."

Hamdam hakwenda nyumbani. Alikaa kwenye benchi na Saodat mpaka jioni.

"Nimekuponza, kaka yangu," alisema Saodat.

"Hapana, dada. Nimejiponza kwa ustadi mkubwa. Wengine hujiandaa miezi na wasifikie hapa."

Saodat alicheka kidogo, kisha akalia, kisha akamgawia karanga. Hamdam alitafuna akiwaza. Kumpa mzee mkate aliweza kujisamehe. Ila kidole kile kilikuwa kimekwenda kufuta, na baada ya kusita kilibaki pale kikingoja aamue. Sehemu ile haikumchekesha.

Jioni Babu Ergash alifanyiwa upasuaji. Alipozinduka, neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kofia yake iko wapi. Hamdam alilisikia akiwa mlangoni. Ndipo akaenda ofisini kwa Daktari Mavluda, akavua koti jeupe.

"Kesho saa moja," daktari alisema bila kuinua kichwa.

"Alikuwa na punje ya ufuta kwenye masharubu, daktari. Nilitaka kuifuta."

"Hukuifuta."

"Nilipiga hesabu kwanza."

Sasa aliinua kichwa. "Kila mtu hupiga hesabu, Hamdam."

"Hesabu yangu ilikuwa ya kiti changu, nisije nikakikosa. Mzee nilimkumbuka mwisho, tena ni kwa kuwa alisema nina mikono ya baridi."

Daktari Mavluda alipandisha miwani kwenye paji la uso. "Kalale," alisema. "Utaliona jambo hili tofauti kesho."

"Asante, daktari."

Alilikunja koti, likakaa ovyo, akalikunjua na kulikunja tena. Akaliweka juu ya kiti kilichokuwa karibu na mlango. Nje, mlinzi wa geti alimnyanyulia mkono.

"Zamu imekwisha, daktari?"

"Imekwisha, mjomba."

Akatoka, akavuka barabara katikati ya wauza zabibu waliokuwa wanafunga meza zao, akashika njia. Hakurudi tena hospitalini, si kesho yake saa moja, wala siku nyingine.