Ubeti wa Jirani

Kunitoa mimi nyumbani Katindiuka ni kazi ya ukoo mzima. Hata nikienda Viwanja Sitini tu, naaga kama mtu anayevuka mpaka. Lakini wiki iliyopita nilikwenda, bila kusukumwa na mtu, nikasimama kwenye duka la simu, na dada wa pale akaniweza kwa maneno machache.

"Baba, jina la wimbo hujui, bendi hujui. Basi imba kidogo niutafute."

Nikaimba. Kina mama wawili waliokuja kuchaji simu wakaacha mazungumzo yao. Nilipomaliza ubeti wa kwanza, dada alinitazama kwa huruma.

"Na hiyo 'hoooo' ya katikati, iko kwenye wimbo au ni ya kwako?"

Nilichanganyikiwa pale pale, rafiki yangu, na sijakaa sawa mpaka leo. Miaka yote hii nilidhani iko kwenye wimbo.

Nilikuwa nautafuta kwa ajili ya mama. Tangu tulipomzika jirani yake wa shamba mwezi uliopita, mama hali. Anagusa wali kama mtu anayeonja chumvi, anasogeza sahani, anageukia ukutani. Ukimuuliza anaumwa wapi, anajibu, "Siumwi." Siku zinakwenda, kanga inamzunguka mara mbili. Mimi, ambaye ujuzi wangu wote duniani ni kukaa nyumbani, nilikuwa nakaa nyumbani na kumwona akiisha. Ndipo nikaukumbuka ule wimbo wao.

Ngoja nikueleze ulivyokuwa wao. Nilipokuwa mdogo, mpunga ukianza kutoa masuke tulihamia shambani, kule Mofu, na sufuria, kuku na mikeka. Tulikuwa na dungu, kichanja kirefu cha miti chenye paa la nyasi, na kazi yetu ilikuwa kuamia ndege. Kuanzia alfajiri unakaa juu na kombeo na madonge ya udongo, unawafukuza kwelea wasimalize chakula cha mwaka mzima. Dungu la jirani lilikuwa upande wa mtoni, karibu na matete, na ndege walianzia kwake. Jirani alikuwa na redio. Betri zake alizianika juani kama dagaa ili zipate nguvu ya siku moja zaidi, na kwenye redio hiyo ndiko tulikopata nyimbo za dansi.

Wimbo mmoja yeye na mama waliugawana. Ndege wakiinuka kwake kuja kwetu, jirani aliimba ubeti wa kwanza. Mama akiusikia alisimama, akatia udongo kwenye kombeo, akajibu kwa ubeti wa pili. Maana yake: nimesikia, nipo. Mama hakuwahi kuimba wa kwanza, na jirani hakuugusa wa pili. Wenye mashamba mengine walipiga makopo na kupayuka. Wao walisema kelele zinachosha koo, wimbo hauchoshi. Hata gitaa walilipiga kwa midomo, kila mtu juu ya dungu lake, na mpunga katikati unawasikiliza.

Siku moja mama alishuka kupika, akaniachia dungu. Nilikuwa nimeshiba pepeta, ule mpunga mchanga wa kukaanga na kutwanga, na ukishiba pepeta akili inatafuta pa kuchezea. Nikauimba ubeti wa jirani, kwa sauti ya kubana pua kama yake. Mama aliuacha mchuzi wa kambale motoni, akaja mbio na kombeo, akazungusha, akarusha donge hewani, hakuna ndege hata mmoja. Jirani akapaza sauti kutoka kwake, "Jirani! Unapigana na nani?"

"Si umeniambia wanakuja!"

"Mimi? Mimi niko kimya nasuka ukili!"

Wote wawili wakageukia dungu letu. Nilitegemea fimbo, na mchuzi ulikuwa umeshaungua, kwa hiyo ilikuwa halali yangu. Lakini jirani akasema, "Niletee huyo. Kama ameamua kuwa mimi, basi afanye kazi yangu." Nikashinda dunguni kwake mpaka jua linazama, nikiimba ubeti wa kwanza kila ndege walipoinuka, na yeye akinisahihisha. "Usikimbize maneno. Na hapo kati weka hoooo, ndege haelewi mapenzi." Jioni sauti yangu ilikuwa ya chura, na mama, ambaye alijua vizuri ni mimi, alinijibu kila mara bila kukosa hata mara moja.

Lile la mama kunijibu sikulifikiria wakati ule. Ninalifikiria sasa, na sielewi. Na wimbo wenyewe ni wa mwanamume anayembembeleza mke aliyerudi kwao. Haukuhusu mpunga, wala ndege, wala wanawake wawili wa bondeni. Waliomtungia huyo mke hawakutujua. Kwa nini basi nikiusikia nasikia harufu ya kambale wa kuungua?

Dada wa duka aliupata, akauweka kwenye kadi, nikarudi nyumbani. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka. Nikaichomeka kadi kwenye redio, nikawasha. Gitaa likaanza, kisha mwanamume, sauti laini, akaimba ubeti wa jirani.

Mama akasimama.

Mtu ambaye tulikuwa tunamshika kwapa kwenda uani alisimama peke yake, akaelekea mlangoni, akatazama juu. Kisha akaimba ubeti wa pili. Redio ilimtangulia, kwa sababu wenye bendi hawakuwa wanasubiri upepo ulete jibu. Alipomaliza, redio ilikuwa mbali.

"Zima," akasema. "Rudisha kwa jirani."

Nikarudisha. Akaimba. "Rudisha kwa jirani." Nikarudisha tena, na tena. Nikaogopa. Nikadhani nimemtoa akili mama yangu mwenyewe.

"Mama," nikasema, "jirani ni..."

"Najua. Nilimwosha mimi kwa mikono yangu. Rudisha."

Siku hizi kule Mofu vijana wanakaa dunguni kila mmoja na vitu vyake masikioni, na ndege wakihama, shamba la pili linajua likishaliwa. Siwacheki, maana na mimi sijui nilichofanya. Usiku ule mama alikula nusu sahani, akilia, tonge kwa tonge. Sijui kama nilimponya au nilimtonesha kidonda. Nilikaa pembeni, redio mapajani, nikimsubiri ameze ndipo nirudishe.